Jerandi, patisipo au infinitivu? Namna Kiswahili kinavyokusaidia kutambua virai vya vitenzi katika Kiingereza

Mwanzisha uzi

Wadau wa lugha, salaam.

Nimefundisha sarufi ya Kiingereza kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu karibu wote ni watu wanaofikiri na kuota kwa Kiswahili. Swali linalorudi darasani kuliko mengine yote ni hili: nitajuaje kwamba kirai hiki, yaani kundi hili la maneno, ni cha jerandi (“-ing” inayofanya kazi ya nomino), cha patisipo (“-ing” au “-ed” inayofanya kazi ya kivumishi au kielezi) au cha infinitivu (kwa kawaida “to” na kitenzi)? Mwanafunzi hukariri fasili zote tatu na kuzitoa kichwani bila kukosea hata nukta, kisha akipewa sentensi moja yenye neno linaloishia na “-ing” anaanza kubahatisha. Naamini kosa si lake. Tumemzoesha kutazama umbo la neno badala ya kuuliza neno hilo linafanya kazi gani katika sentensi, na juu ya hayo tumemwambia aache Kiswahili mlangoni, ilhali hicho ndicho chombo bora alicho nacho kwa kazi hii.

Kwanza nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno. Kirai kitenzi tunakijua: ni kitenzi kikuu pamoja na visaidizi vyake. Katika “She was reading old letters”, maneno “was reading” yako ndani ya kirai kitenzi, nayo yamebeba wakati wa tukio na yanakubaliana na kiima. Virai ninavyovizungumzia hapa ni vingine. Kiini chake ni neno lililotokana na kitenzi, ambalo bado lina nguvu ya kuchukua yambwa (kitu kinachotendwa) na kielezi kama kitenzi chochote, lakini halionyeshi nafsi wala wakati, na kazi yake katika sentensi ni ya nomino, ya kivumishi au ya kielezi. Nitaviita virai vya vitenzi visokomo, kwa kuwa kitenzi chake hakifungwi na nafsi wala njeo, yaani wakati.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kirai ni cha aina gani, mtafute kwanza mwenye nyumba, yaani kitenzi kikomo, kile kilichobeba wakati wa sentensi. Njia ninayoitumia ni rahisi: hamisha sentensi kutoka leo kwenda jana, uone ni neno lipi linalolazimika kubadilika. “Reading old letters makes her weep” ikienda jana inakuwa “Reading old letters made her weep”. Kilichobadilika ni “makes”, basi hicho ndicho kitenzi kikomo. “Reading” haikutikisika, wala “weep” haikutikisika. Maneno yenye asili ya kitenzi ambayo hayakutikisika, na ambayo hayakushikwa na kisaidizi kama “was” au “has”, ndiyo tunayoyatafuta.

Sasa tazameni maneno matatu yaleyale, “reading old letters”, katika sentensi tatu:

“Reading old letters made her weep.”

“Reading old letters, she wept.”

“The woman reading old letters is my aunt.”

Kwa jicho hakuna tofauti. Herufi ni zilezile na mpangilio ni uleule. Mwanafunzi anayetegemea umbo hana pa kushika. Lakini zitafsiri kwa Kiswahili, tena tafsiri ya mtu anayezungumza, wala si ya kamusi:

Kusoma barua za zamani kulimliza.

Alilia huku akisoma barua za zamani.

Mwanamke anayesoma barua za zamani ni shangazi yangu.

Kiswahili kimekataa kutumia umbo moja. Katika sentensi ya kwanza kimetoa “kusoma”, kitenzi-jina, na hebu kitazameni kitenzi kinachofuata: *ku-li-m-liza*. Ile “ku-” ya mwanzo ni upatanisho wa kiima, sawasawa na “ki-” ya “kiti kilivunjika”. Kusoma kumekuwa nomino yenye ngeli yake, ndiyo maana tunasema pia “kusoma kwangu” na “kusoma huku”. Basi “reading old letters” hapo ni kirai cha jerandi, yaani kirai kinachofanya kazi ya nomino. Katika sentensi ya pili Kiswahili kimetoa “-ki-”: *a-ki-soma*. Ni tendo linaloandamana na tendo jingine na linategemea mtendaji aliyetajwa. Katika ya tatu kimetoa kirejeshi: *a-na-ye-soma*. Hapo kirai kinamfafanua mwanamke yupi. Zote mbili, ya “-ki-” na ya kirejeshi, kwa Kiingereza ni virai vya patisipo.

Hiki ndicho kipimo ninachotaka tukijadili. Ukikutana na “-ing” iliyokaa peke yake, isiyoshikwa na kisaidizi, itafsiri. Ikija na “ku-” inayoweza kuwa kiima au yambwa, ni jerandi. Ikija na “-ki-” au na kirejeshi cha “-ye-”, “-cho-”, “-zo-” na wenzake, ni patisipo.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya Kiingereza kiwe na umbo moja kwa kazi mbili, na nadhani kuijua kunampunguzia mwanafunzi hasira. Katika Kiingereza cha Kale maumbo yalikuwa mawili. Patisipo iliishia na “-ende”, kwa mfano “singende”, yaani anayeimba au akiimba, na nomino ya tendo iliishia na “-ung” au “-ing”, kwa mfano “leornung”, kujifunza. Kati ya karne ya 12 na ya 15 miisho hiyo ilisogeleana katika matamshi hadi “-ing” ikachukua nafasi zote. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, bado kinazitenga: “singend” ni patisipo, na “-ung” ni mwisho wa nomino. Kwa hiyo mnapohisi kwamba “-ing” ni maneno mawili yaliyovaa nguo moja, hisia yenu ina ukweli wa historia nyuma yake.

Infinitivu inajitambulisha vizuri zaidi kwa sababu ina “to” na kitenzi katika umbo lake la msingi. Shida yake ni kujua kirai kimekalia kiti gani, na hapo pia Kiswahili hakikuachi. “She wanted to read the letters” ni alitaka kuzisoma barua: kirai ni yambwa ya “wanted”, kazi ya nomino. “She has letters to read” ni ana barua *za kusoma*. Hiyo “za” imejitokeza kwa sababu kirai kinaivumisha nomino “barua”, kazi ya kivumishi. “She came to read the letters” ni alikuja *ili* azisome barua. Mtu anaweza kusema pia “alikuja kuzisoma”, lakini ukiweza kuingiza “ili” bila maana kuharibika, kirai ni cha kielezi, kinaeleza kusudi.

Hapa ndipo panapowaumiza wengi. Kiswahili kina “ku-” moja kwa jerandi na kwa infinitivu, kwa hiyo msemaji wetu anasikia “smoking” na “to smoke” kama kitu kimoja: kuvuta. Lakini “He stopped smoking” ni aliacha kuvuta sigara, na “He stopped to smoke” ni alisimama ili avute sigara. Mmoja ameachana na sigara, mwingine ameacha shughuli yake kwa ajili ya sigara. Vivyo hivyo “I remembered to lock the door” ni nilikumbuka kufunga mlango, nikaufunga, ilhali “I remember locking the door” ni nakumbuka kwamba niliufunga. Katika jozi ya sigara neno “ili” linaamua. Katika jozi ya mlango “ili” haisaidii, na inabidi uulize kipi kilitangulia, kukumbuka au kufunga. Infinitivu huelekea mbele, kwenye jambo ambalo bado halijatendeka, na jerandi hapo inatazama nyuma. Haiko hivyo kwa kila kitenzi, lakini kwa “remember” na “forget” iko hivyo.

Karibuni tujadili. Leteni sentensi zinazowasumbua.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa uzi huu. Nina swali kuhusu sentensi yako mwenyewe. Umesema katika “Reading old letters made her weep” neno “weep” halikutikisika tulipohamisha wakati. Haliishii na “-ing” na halina “to”. Basi ni nini?

Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu yangu, na nimefurahi kwamba umeliona, maana wengi hulipita. “Weep” hapo ni infinitivu iliyovua “to”. Kuna kundi dogo la vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na infinitivu ya namna hiyo: “make”, “let”, vitenzi vya kuona na kusikia kama “see” na “hear”, na “help”, ambayo inakubali zote mbili, yenye “to” na isiyo nayo. Ukitaka ushahidi kwamba ni infinitivu kweli, igeuze sentensi iwe ya kutendwa: “She was made to weep”. “To” inarudi yenyewe. Ilikuwa imejificha tu.

Kwa vitenzi vya kuona angalia jozi hii: “I saw him cross the road” na “I saw him crossing the road”. Ya kwanza ina infinitivu isiyo na “to”, na maana yake ni kwamba nilimwona tangu hatua ya kwanza hadi alipofika ng’ambo. Ya pili ina patisipo: nilimwona akiwa katikati ya kuvuka, na huenda sikujua kama alifika. Kiswahili kwa kawaida kinasema “nilimwona akivuka barabara” kwa zote mbili, kwa hiyo hapa kipimo changu hakitoshi na inabidi kutazama umbo la Kiingereza lenyewe. Ni vyema tukiri mapema mahali ambapo mizani yetu haipimi.

Mchangiaji wa pili

Naongeza mahali pengine ambapo haipimi. “Having finished the work, they left” mimi naitafsiri “baada ya kumaliza kazi, waliondoka”. Nimepata “ku-”. Kwa kipimo chako ningesema ni jerandi, lakini nilifundishwa kwamba ni patisipo.

Mwanzisha uzi

Ulifundishwa sawasawa, na pingamizi lako ni zito. Tazama “ku-” hiyo imetoka wapi. Uliingiza “baada ya”, na “baada ya” haimo katika Kiingereza. Ni wewe uliyeileta ili tafsiri yako iwe laini, nayo ndiyo iliyodai kitenzi-jina mbele yake. Kama Kiingereza chenyewe kingesema “After finishing the work”, basi “finishing the work” ingekuwa jerandi, kwa sababu imekaa baada ya kihusishi, na baada ya kihusishi hukaa nomino. Lakini “Having finished the work” haina kihusishi chochote. Tafsiri iliyo karibu zaidi na muundo ni “wakiwa wamemaliza kazi, waliondoka”, na hapo “-ki-” inajitokeza.

Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba tafsiri ya kupima isiongeze kihusishi ambacho Kiingereza hakina, wala isikiangushe ambacho kinacho. Bila sharti hilo mtu anaweza kupata jibu lolote analolitaka.

Na kwa kuwa umegusa vihusishi, niseme habari ya “to”, kwa sababu ina sura mbili na watu huandika makosa kila siku kwa ajili yake. “To” ya infinitivu hufuatwa na kitenzi cha msingi. Lakini iko “to” nyingine ambayo ni kihusishi kamili, na hiyo hufuatwa na nomino au jerandi: “I look forward to meeting you”, “She is used to working at night”, “They objected to paying twice”. Utaitambua kwa kuweka nomino badala ya kitenzi. “I look forward to the meeting” inakubalika, kwa hiyo “to” hiyo ni kihusishi na “meeting you” ni kirai cha jerandi. “I want to the meeting” haikubaliki, kwa hiyo “to” ya “I want to meet you” ni ya infinitivu. Kwa Kiswahili zote mbili ni “kukutana nawe”, ndiyo maana barua zetu nyingi huishia na “look forward to meet you”. Hilo ni kosa ambalo kipimo cha nomino kinalimaliza kwa sekunde tano.

Mchangiaji wa tatu

Mimi natoka upande wa isimu, na ninaomba kupinga kwa heshima. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2002, wameacha kabisa kutenganisha jerandi na patisipo ya sasa. Wanaliita umbo lote la “-ing” kwa jina moja la jerandi-patisipo, kwa hoja kwamba hakuna kitenzi hata kimoja cha Kiingereza ambacho umbo lake la jerandi linatofautiana na lile la patisipo. Kama wataalamu wa lugha yenyewe wameona mpaka huo haupo, kwa nini tuwatese wanafunzi kuutafuta?

Mwanzisha uzi

Hoja hiyo naiheshimu, na kwa upande wa umbo wako sahihi kabisa. Mtu anayeeleza mofolojia, yaani maumbo ya maneno, ya Kiingereza hana sababu ya kuhesabu maumbo mawili mahali penye moja. Lakini mwanafunzi wangu hatafuti hesabu ya maumbo. Anataka kuelewa sentensi iliyo mbele yake, na kazi mbili bado zipo hata kama umbo ni moja. Chukua sentensi inayojulikana sana katika isimu, “Flying planes can be dangerous”. Ina maana mbili, na kinachozitenganisha ni kazi ya “flying”:

Kurusha ndege *ku*naweza kuwa hatari.

Ndege zinazoruka *zi*naweza kuwa hatari.

Katika maana ya kwanza kiini cha kiima ni “flying”, ni jerandi, na “planes” ni yambwa yake. Katika ya pili kiini ni “planes”, na “flying” inaivumisha. Kiingereza kimeficha tofauti hiyo kwa sababu “can” haibadiliki kwa umoja wala wingi. Toa “can”, nayo inafichuka: “Flying planes is dangerous” dhidi ya “Flying planes are dangerous”. Kiswahili hakiwezi kuificha hata kikitaka, kwa kuwa upatanisho wa ngeli unadai ujue kiima ni kipi kabla hujafungua kinywa kutamka kitenzi.

Kwa hiyo tukitaka tuseme umbo ni moja, na tuseme hivyo. Majina jerandi na patisipo nayabakiza kama majina ya kazi.

Mchangiaji wa tatu

Kwa namna hiyo naafiki. Na ningeongeza kwamba kipimo chako kinafanya kazi hata kwa neno moja lililotangulia nomino, ambako hakuna kirai kirefu. “A sleeping child” ni mtoto anayelala, na “a sleeping bag” ni mfuko wa kulalia. “Boiling water” ni maji yanayochemka, na “drinking water” ni maji ya kunywa. Maji ya kwanza yanatenda, ya pili yametengwa kwa ajili ya tendo. Tena masikio yanathibitisha: katika “sleeping bag” mkazo mkuu uko kwenye “sleeping”, ilhali katika “sleeping child” unaelekea kwenye “child”.

Mwanzisha uzi

Mfuko wa ku*lalia*! Kiswahili kimeongeza hata kauli ya kutendea ili isiwepo shaka kwamba mfuko haulali. Mifano hii naichukua darasani, kwa idhini yako.

Mchangiaji wa nne

Mimi si mwalimu, ni mhasibu, na nimefuata uzi huu kwa sababu ya jambo lililonipata. Niliwahi kuandika barua ya kuomba kazi iliyoanza hivi: “Having worked as an accountant for 6 years, your company will benefit from my experience”. Wakati wa usaili mmoja wa wasaili aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaniuliza kama kampuni yao ndiyo iliyofanya kazi ya uhasibu kwa miaka 6. Sikuelewa kosa wakati ule, na niliona uchungu kwa sababu nilikuwa nimeiandika barua ile kwa bidii. Je, kosa liko wapi, na kwa nini mimi nilikuwa naona iko sawa?

Mwanzisha uzi

Pole sana, ndugu. Swali lako la pili ndilo lenye thamani kubwa, yaani kwa nini uliona iko sawa. Uliona iko sawa kwa sababu kichwani mwako ilikuwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili iko sawa. “Nikiwa nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka 6, kampuni yenu itafaidika na uzoefu wangu.” Hakuna atakayekuuliza ni nani aliyefanya kazi, kwa sababu kiambishi “ni-” kimo ndani ya “nikiwa” na kimo tena ndani ya “nimefanya”. Mtendaji ametembea na kitenzi chake. Patisipo ya Kiingereza haina mahali pa kumbeba mtendaji. “Having worked” haisemi ni mimi, ni wewe au ni kampuni. Inapokaa mwanzoni mwa sentensi, msomaji wa Kiingereza humtafuta mtendaji wake katika kiima cha kishazi kikuu, na kiima cha kwanza alichokikuta ni “your company”. Basi kazi ya uhasibu ikabebeshwa kampuni.

Kutengeneza ni kumfanya mtendaji wa kweli awe kiima: “Having worked as an accountant for 6 years, I can offer your company solid experience”. Au acha patisipo, uandike kishazi kamili chenye kiima chake: “I have worked as an accountant for 6 years, and your company will benefit from my experience”.

Kwa wengine, huu hapa mfano wa kujipima. “Walking into the room, the lamp fell.” Mtafsiri mwaminifu angelazimika kusema “ikiingia chumbani, taa ilianguka”, na mara tu anapotamka “i-” ya “ikiingia” anasikia kosa kwa sikio lake mwenyewe. Chukueni kiima cha kishazi kikuu, kipeni kiambishi chake cha nafsi au ngeli, kibandikeni kwenye “-ki-” ya kirai. Kikikaa, sentensi ni nzima. Kikigoma, patisipo yenu inaning’inia.

Mchangiaji wa tano

Mwalimu, umeongea sana juu ya “-ing”. Vipi patisipo ya wakati uliopita, ile ya “-ed”?

Mwanzisha uzi

Ina fumbo lake. “The letters written by her father were burnt” haina shida: barua zilizoandikwa na baba yake zilichomwa moto. Kirejeshi pamoja na kauli ya kutendwa, *zi-li-zo-andik-wa*, ndiyo alama ya kirai cha patisipo iliyopita. Kitenzi “write” kinatusaidia kwa kuwa kina maumbo matatu tofauti, “write”, “wrote”, “written”, na “written” peke yake haiwezi kuwa kitenzi kikomo.

Shida iko kwa vitenzi vya “-ed”, kwa sababu wakati uliopita na patisipo iliyopita vinafanana. Mwaka 1970 mwanaisimu Thomas Bever alitoa mfano ambao hadi leo unawakwamisha hata wazawa wa Kiingereza: “The horse raced past the barn fell”. Msomaji anaposhika “The horse raced past the barn” anadhani sentensi imekwisha: farasi alipita ghala mbio. Kisha anagonga “fell” na hajui aiweke wapi. Ukweli ni kwamba “raced past the barn” ni kirai cha patisipo kinachomvumisha farasi, na kitenzi kikomo ni “fell”. Farasi *aliyekimbizwa* kupita ghala alianguka. Weka kitenzi chenye maumbo matatu, fumbo linakwisha: “The horse driven past the barn fell”.

Kwa hiyo kwenye “-ed” uliza: kiima hiki kinatenda au kinatendwa? Ikiwa Kiswahili kinakupa “aliye-” pamoja na “-wa”, na bado kuna kitenzi kingine mbele kinachosubiri kiima, umeshika patisipo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi na sentensi niliyoikuta kwenye zoezi, nikashindwa kuikata: “Hoping to avoid paying the fine, the driver hid the ticket”. Ninaona “hoping”, “to avoid” na “paying” zimefuatana. Je, ni virai vitatu au kimoja?

Mwanzisha uzi

Ni vitatu, lakini havikupangwa kwenye mstari. Kimoja kimo ndani ya kingine. Anza na kitenzi kikomo. Peleka sentensi kwenye leo: “Hoping to avoid paying the fine, the driver hides the ticket”. Kilichotikisika ni “hid”, na kiima chake ni “the driver”. Sasa tafsiri: “Akitumaini kuepuka kulipa faini, dereva aliificha karatasi ya faini”.

“Akitumaini” ina “-ki-”, na “a-” yake inamkaa dereva vizuri, kwa hiyo “Hoping…” inafungua kirai cha patisipo ambacho hakining’inii, nacho kinaishia kwenye koma. Alitumaini nini? “To avoid paying the fine”. Kirai hicho ni cha infinitivu, kinajaza nafasi ya nomino kama yambwa ya “hoping”, na “ili” haiwezi kuingia: “akitumaini ili aepuke” haisemeki. Aepuke nini? “Paying the fine”. Weka nomino mahali pake, “to avoid trouble”, inakubali, kwa hiyo “paying the fine” ni kirai cha jerandi, yambwa ya “avoid”. “Avoid” ni miongoni mwa vitenzi visivyokubali infinitivu nyuma yake, ndiyo maana huwezi kuandika “to avoid to pay”. Na “the fine” ni yambwa ya “paying”.

Ukikata kwa mabano ya penseli, bano la kwanza lifunguke kabla ya “Hoping”, la pili kabla ya “to”, la tatu kabla ya “paying”, kisha yote matatu yafungwe pamoja baada ya “fine”.